Glasi ya Mgeni

Mkaguzi wa maji aliikagua mashine yetu ndogo ya kuoshea vyombo, akaridhika kwamba haizidishi mgao wa maji. Mke wangu Mwanaidi akamletea maji ya kunywa na, kwa mazoea aliyolelewa nayo, akaisuuza glasi kwanza bombani ili mgeni aone ni safi.

Mkaguzi akanywa yote, akatoa nyundo.

"Kuosha chombo kwa mkono ni kupoteza maji, na adhabu yake ni vidole viwili, dada. Sheria unaijua."

"Nilikuwa nakuheshimu tu, kaka."

"Najua. Weka mkono mezani."

Niliushikilia mkono wa Mwanaidi mimi mwenyewe, maana sheria humtaka mume afanye hivyo. Nyundo ilishuka mara mbili. Damu ikarukia glasi.

Mkaguzi alipoondoka, niliiweka glasi ile kwenye mashine, Mwanaidi akilia sakafuni. Mashine ikauliza kama iongeze nusu lita ya maji kwa sababu ya uchafu.

Nikabonyeza hapana.