Fomu Ibaki Mkobani

Wiki ya kwanza, Zawena, mwanachuo aliyeletwa kwenye shirika la Bi Tunu kwa mafunzo ya vitendo, alimuuliza Mama Chausiku mbele ya majirani, "Mnakula mara ngapi kwa siku?" Mama yule alifunga mlango, na jina lake likakosekana kwenye orodha ya msaada wa chakula.

Leo walirudi. Bi Tunu aliapa kutotia neno, japo ulimi ulimwasha.

Zawena hakutoa fomu. Aliketi mkekani, akausogeza ungo, wakachambua kunde pamoja huku wakiongea habari za watoto. Kunde zenyewe hazikujaza viganja viwili. Mwishowe mama akasema mwenyewe, taratibu, "Hizi ndizo za mwisho, mwanangu."

Walipotoka, Bi Tunu alimpa kalamu. "Haya, jaza."

"Tukishapita kona, Bi Tunu. Bado anatutazama."

Miaka yote Bi Tunu ndiye aliyepiga hodi. Kwenye nyumba iliyofuata aliinama ghafla, kama anayefunga kamba za viatu.

"Tangulia, nakuja."

"Hodi hapa!" Zawena aliita.

Bi Tunu aliendelea kuinama, akitabasamu peke yake. Miguuni alikuwa amevaa ndala.