Diski za Gari la Baba

Muuza vipuri aliiweka mezani diski kuukuu ya breki. Ilikuwa imegeuka buluu, na kila tundu lake lilikuwa limetoa ufa.

"Hii imeungua," alisema. "Nani kalikimbiza gari hili kwenye uwanja wa mbio hapa Nürburg?"

Baba akacheka. "Nani tena! Gari la mzee hili, bibie. Kanisani na kurudi."

Detlef, mwanawe, aliinamisha macho. Tangu Jumapili ile alipolichukua kwa siri akashindane na wenzake, gari lilitetemeka kila Baba alipokanyaga breki. Baba alidhani ni mguu wake uliokwisha nguvu. Asubuhi hii alikuwa amemkabidhi Detlef gari, machozi yakimlengalenga, akisema yeye na usukani basi.

"Haya, mnachukua zipi? Zenye matundu zinapendeza, za kanisani hizo. Zisizo na matundu ndizo zinazovumilia uwanja."

Baba alipitisha kidole kwenye ufa mmoja, polepole, mpaka mwisho wake. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Mwulize mwanangu," alisema. "Yeye ndiye anayejua."

Detlef aliinua macho.

"Baba," alisema, "mguu wako ni mzima."