Gari Jekundu la Katikati

Muuzaji alikuwa hajamaliza hata kumwamkia, mzee alikwishapiga magoti akichungulia chini ya gari jeupe.

"Marahaba," akajibu huko huko chini. "Hili linavuja?"

"Halivuji, mzee wangu."

"Linakula mafuta?"

"Hapo sitakudanganya. Linakula."

Mzee akainuka kwa kushika tairi, mkewe akampangusa vumbi magotini. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa dereva wa gari la maiti. Barabara nzima ilimpita, hata baiskeli, na hakuna abiria wake aliyewahi kumwambia akaze mwendo. Wenzake kazini walimbandika jina la Taratibu, likamganda mpaka nyumbani. Sasa amestaafu, na duniani alitaka kitu kimoja tu: gari la mbio, dogo, la chini chini, linalonguruma, ambalo pensheni yake ingeweza kulilisha. Aliogopa kwamba akikosea leo hatapata nafasi nyingine.

Magari ya namna hiyo yalikuwa matatu, yamepangwa mstari mmoja mbele ya ofisi: jeupe, jekundu, jeusi. Kabla ya kuonyeshwa alipitishwa mlango wa nyuma, akakalishwa ofisini na karani na kupewa maji ya kunywa, mpaka mkewe aliporudi kutoka nje akihema kidogo na kusema haya, twende tukayaone.

Mzee Taratibu akafungua daftari lake. Kurasa nyingi zilikuwa zimechanwa, zimebaki chache. Akasoma maswali aliyoyaandika asubuhi: mafuta, tairi, vipuri, bima.

Muuzaji akayajibu yote bila kubabaika, kama mwanafunzi aliyekariri. Mzee akaandika. Lakini alipofika kwenye bima ya jeusi, ya jeupe ilikuwa imeshamtoka. Akilirudia jeupe, mafuta ya jekundu yanapotea. Namba zilikuwa pale mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakujua ipi ni ya gari gani. Aliona aibu, mtu mzima na mvi zake kushindwa na hesabu za darasa la nne.

"Mama Pacha," akasema kwa sauti ndogo, "zimenichanganyikia."

"Pole, Baba Pacha. Hakuna anayetufukuza." Mkewe akalichukua daftari, akalifunga. "Jekundu linakwenda kilomita kumi na nane kwa lita moja. Na vipuri vyake viko kila duka."

Mzee akamtazama. Miaka yote ya ndoa yao, gari kwa mwanamke huyu lilikuwa rangi na milango. "Umejuaje?"

"Si nimesoma pale kwenye kioo."

Akakiangalia kioo cha mbele. Hakikuwa na karatasi yoyote. Siku hizi hata macho yake hakuyaamini sana.

Akalisogelea jekundu, akaweka kiganja juu ya boneti. "Mbona lina moto?"

"Tumeliwasha asubuhi, mzee, kwa ajili ya wateja."

Akalizunguka. Bampa ya nyuma ilikuwa na mkwaruzo mrefu. Akacheka. "Aliyekuwa nalo huyu, kurudi nyuma hakujua kabisa!"

Muuzaji hakucheka.

"Labda aliteleza siku moja tu," mkewe akasema, akageukia upande wa pili.

Mzee akaingia, akakaa. Kiti hakikuhitaji kusogezwa mbele wala nyuma. Vioo vya pembeni vilimkaa sawasawa. Akawasha, injini ikanguruma, na moyo wake ukanguruma nayo. Kwa dakika nzima alikuwa na furaha. Kisha akazima, akashuka, na kulitazama tena lile jeupe.

"Nadhani nachukua jeupe."

Mkewe akamshika mkono kwa nguvu. "Baba Pacha, si umesikia linakula mafuta?"

"Litakumaliza, mzee," muuzaji akadakia. "Kila likikohoa, mfuko unalia."

"Lakini si mimi ninayenunua? Au siku hizi sina hata..." Sentensi ikamkimbia. Akabaki amesimama mdomo wazi, akiitafuta, na wale wawili wakimsubiri kwa upole uliomuumiza kuliko ukali. Alitaka kuchagua kitu kimoja kwa kichwa chake mwenyewe, na hata hicho kimemshinda. Angebishana vipi na watu wawili wanaojua namba zote?

"Haya," akasema. "Jekundu. Lakini mkwaruzo ule mnipunguzie."

"Tumekupunguzia, mzee."

"Malipo niachie mimi," mkewe akasema.

Ofisini mzee akatia saini kwenye karatasi. Muuzaji akaipokea kwa mikono miwili, akafungua droo iliyosheheni karatasi kama hiyo, akaisukumiza ndani kwa shida. Biashara inamwendea vizuri kijana huyu, mzee akawaza, na akafurahi kwa niaba yake.

"Usukani niachie mimi," mkewe akamwambia nje. "Wewe kaa uisikilize injini."

Akakaa kiti cha pembeni, akajifunga mkanda, akafumba macho. Lilikuwa linanguruma vizuri. Hatimaye, akajiambia, hatimaye Taratibu kapata gari.

Muuzaji akainama kwenye dirisha la upande wa mama.

"Jumamosi ijayo wahini kidogo," akanong'ona, "gari lenu lipate kupoa kabla mzee hajaligusa. Na leo nusura achague lile jeupe, mama. Lile linauzwa kweli."