Nafasi ya Kadi Moja

Tableti ilikataa mara ya tatu. Kila mara mchoraji alipobonyeza kuhifadhi, kijisanduku kiliibuka katikati ya kioo na kusema kilekile: nafasi haitoshi. Kadi ya harusi ilikuwa mbele ya macho yake, imekamilika mpaka nukta ya mwisho, lakini haikubali kuhifadhiwa wala kutumwa.

Mchapaji alikuwa amekwisha sema wazi. Mtambo ni wa kadi hizo mpaka adhuhuri. Baada ya hapo inaingia kazi ya kalenda, na kadi zitangoja mpaka waalikwa wawe wamekwisha kula na kuondoka.

Mama yake alikuwa akizunguka chumbani na viatu vipya, akivizoesha miguu. Huyo mama ndiye aliyewafikisha hapo. Tangu kazi ianze alikuwa amebadili maua, akabadili fremu, kisha akayarudisha maua ya kwanza. Asubuhi hiyohiyo alilalamika kwamba jina la bibi harusi limekuwa kubwa kama la mgombea ubunge. Mchoraji alimjibu kwamba bibi harusi ndiye mwenye shughuli, hana sababu ya kujificha. Na kila badiliko liliacha nakala yake, maana mchoraji hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Bwana harusi akapiga simu. Mama ndiye aliyepokea. Alitoka nayo kibarazani, akarudi anatabasamu, akaeleza kwamba bwana harusi hana neno na maua, anachotaka ni kadi tu. Mchoraji akasema wanaume ndivyo walivyo, hata ukiwapa karatasi tupu watashukuru.

Akaanza kufyeka. Zilikwenda nyimbo, zikaenda picha za paka wa jirani, zikaenda filamu ambazo hakuwahi kuzimaliza. Akajaribu tena. Nafasi haitoshi. Alipofungua mipangilio aone nani anakula nini, alikuta programu ya kuchorea imekalia karibu tableti nzima, kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Mama akataka kusaidia. Alipendekeza wamtoe kuku wa kwenye tangazo la chakula cha mifugo. Mchoraji akamwambia kuku huyo ndiye anayelipa kodi ya chumba. Alipendekeza wamtoe kinyozi. Kinyozi naye hurudi kila mwezi kubadilishiwa bei kwenye bango. Wakakubaliana kuzifuta nakala za kadi, zenye maua ya kila namna. Bado.

Lilibaki faili moja lililoyazidi mengine yote kwa uzito. Ilikuwa picha ya marehemu baba, ambayo mchoraji aliianza mwaka alipofariki na hakuwahi kuimaliza. Alikuwa ameichora kwa leya nyingi, tabaka juu ya tabaka: ya macho, ya mvi, na chungu nzima za pua.

Walitazamana.

"Nitamchora tena," mchoraji alisema, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. "Sura yake ninayo kichwani."

Mama akaja akakaa kando yake. Akakishika kile kidole, akakiondoa kwenye kioo kama mtu anavyomwondoa mtoto kwenye moto.

"Huyo hatoki," alisema. "Kama hapa hapana nafasi yake na ya kadi, basi kadi tutaziandika kwa mkono, mimi na wewe."

Kwa wiki kadhaa mchoraji alikuwa na kitu kifuani ambacho hakukitolea neno, na sasa kilimshuka polepole, kama tonge lililokwama likipata maji. Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia mwanga wa kioo.

Ilikuwa katika kuifunga ile picha ndipo alipoona maandishi madogo ambayo siku zote aliyapita bila kuyasoma: video ya uchoraji. Kumbe programu ilikuwa ikirekodi kila mstari aliouchora, katika kila kazi, bila yeye kujua, na hizo video ndizo zilizovimba. Picha zenyewe hazikuwa na kosa. Akafungua video ya baba. Pua ikachomoza, ikafutwa, ikarudi nyembamba, ikafutwa, ikarudi imepinda. Mama akacheka mpaka akavua viatu.

"Hata alipokuwa hai," alisema, "pua hiyo iliwashinda wapiga picha wote."

Wakazifuta video, wakazima kurekodi. Baba akabaki mzima na pua zake zote. Tableti ikapumua. Kadi ikahifadhiwa kwa mguso mmoja, na kwa kuwa mtandao ulikuwa wa kusuasua, waliamua kuipeleka wenyewe. Walikwenda nusu wakitembea, nusu wakikimbia, mama akiulizauliza njia nzima kama yale maua ya zambarau hayakuwa mazuri zaidi.

Mchapaji, mtu mnene mwenye wino mpaka masikioni, alikuwa ameshika kitambaa tayari kuusafisha mtambo kwa ajili ya kalenda. Alipowaona alikiweka chini, akaguna kidogo ili wajue kwamba wamechelewa, kisha akawasha. Kadi ya kwanza ikatoka ingali na joto. Aliinyanyua dirishani, akaisoma kimoyomoyo, akasema maua yamekaa mahali pake. Halafu akajifuta mkono kwenye aproni, akamnyooshea mchoraji.

"Hongera, bibi harusi."

Mchoraji akasogea kando, ule mkono ukampita ukamfikia mama yake, aliyekuwa ameficha uso nyuma ya mkoba.

"Bibi harusi ni huyu," alisema. "Mimi ndiye ninayemwoza."