Chupa Yenye Uzi Mweupe

"Shikamoo, mama," alisema Malimi, fundi wa maabara, akiisogeza darubini yake mbali na ukingo wa meza.

"Marahaba. Sikuja kusalimiwa. Nitajie muuaji."

Akumu alikuwa ametoka ufukweni kwa miguu mpaka hospitali, kanga nyeusi ya matanga ingali kiunoni. Wiki mbili zilizopita alimzika Janet, binti yake mkubwa. Ilianza homa tu. Siku ya tatu akaharisha maji kama ya kuoshea mchele, na kabla jua halijazama wakamfumba macho. Sasa Gladness, binti pekee aliyebaki, alikuwa na homa tangu jana. Akumu alimwacha na Wilhelmina, dada yake, kwa agizo moja: "Kengele ya kanisa ikilia, mpe kijiko chake. Usisahau."

Aliapa kwamba aliyemchukua Janet hatampata Gladness.

Na alimjua. Kiwanda kipya cha minofu, cha hawa matajiri waliokuja tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, kilimwaga uchafu wa sangara kwenye mtaro uliopita nyuma ya nyumba yake. Alipokwenda kulalamika, meneja alicheka. "Bi mkubwa, wachafu ni nyinyi."

Wachafu! Yeye aliyechemsha maji ya kunywa mpaka sufuria ikatoboka!

Ndipo juzi akamletea Malimi chupa mbili. Moja ya mtaroni. Ya pili Malimi aliiomba mwenyewe, apate kulinganisha: "Maji unayoyaamini kuliko yote." Akumu akachota kwenye chungu kilicho chini ya msalaba, maji yaliyobarikiwa Pasaka, akaifunga chupa uzi mweupe. Chungu hicho hakijakauka tangu mumewe, marehemu Oyugi, alipokuwa hai. Kikipungua, huongezea kata moja ya maji ya ziwani, maana baraka haipungui, na mwenye homa humo nyumbani hupewa kijiko kila kengele ikilia.

"Humu mtaroni nimewakuta vijidudu, ndugu za huyo muuaji," Malimi alisema. "Ukoo wao mkubwa, mama. Wamejikunja kama alama ya mkato, kila mmoja na mkia wake, hawatulii. Wengi wanakaa zao majini na kwenye samaki, hawana neno na mtu."

"Nimekuuliza ukoo?"

"Subiri, mama. Kwa sura wanafanana, kwa hiyo tunawaotesha kwenye sahani yenye chakula chao. Hawa ndugu wanaota kijani. Wa kipindupindu anaota njano."

Akamfunulia sahani ya mtaroni. Vidoa vya kijani vitupu.

Akumu alipiga meza, vichupa vikalia. "Wamekuhonga! Wamekupa kilo ngapi za minofu? Sema!"

"Mama, hata kichwa cha sangara sijaonja."

"Mwongo! Mtoto wangu yuko kaburini na wewe unanionyesha kijani! Mungu anakuona, Malimi. Anakuona na hilo koti lako jeupe!"

Malimi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Alikuwa kijana wa Magu, aliyelelewa vizuri, na hakujua mtu mzima huambiwaje jambo la namna hii.

"Sikusema sijampata," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nimempata. Nimempima mara tatu, mama, maana hata mimi sikuamini."

Akaisukuma mbele yake sahani ya pili. Vidoa vya njano vilikuwa vimeijaza mpaka ukingoni, na kwenye kifuniko chake alikuwa amefunga, asije akachanganya, kipande cha uzi mweupe.

Nje, kengele ya saa sita ikaanza kulia. Na Wilhelmina hakuwa mtu wa kusahau.