Uso wa Shujaa

Ukurasa ulirudi kutoka kwa mkaguzi wa serikali ukiwa na duara jekundu moja tu. Anselmo alikuwa amezoea. Katika Hispania ya miaka ile ya udikteta, mchoraji wa katuni aliambiwa afute kisu mkononi mwa jambazi au amfunike binti mabega, naye alifuta na kufunika. Lakini safari hii duara lilizunguka uso wa shujaa mwenyewe. Pembeni mkaguzi alikuwa ameandika: "Sura hii haifai."

Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe. Yakapotea macho, ikapotea pua, mwisho likapotea lile kovu dogo la kidevuni.

Mkewe, Leocadia, aliingia na kalamu zake. Yeye ndiye aliyeandika maneno ya wahusika kila mumewe alipomaliza kuchora. Aliinama juu ya meza, akaliona doa jeupe.

"Umemfuta kaka yangu."

"Wamemtambua, Leo. Nifanyeje? Wakija tena watatubeba na sisi."

"Hatuna hata picha yake moja. Askari walizichukua zote siku ile walipomchukua."

"Nitachora sura nyingine."

"Chora basi."

Anselmo alishika penseli, kisha akairudisha mezani. Rangi ilikuwa bado mbichi. Leocadia alivuta kiti, akachovya kalamu kwenye wino. Puto la maneno juu ya kichwa cha shujaa lilikuwa tupu, mkia wake ukielekea pale ulipokuwa mdomo. Akaandika polepole, kwa mwandiko wake ule ule mzuri, maneno yaliyopangwa tangu mwanzo:

"Fungua mlango, mama. Nimerudi."