Viganja vya Senga

Bilauri tatu za buluu zilipangwa mbele ya Senga, na kando yake barua ya kustaafu. Mbili zilikuwa na wiski yetu ya zamani. Moja ilikuwa na ile mpya ya mkurugenzi, anayoapa kwamba utamu wake ni wa pipa tu.

Miaka thelathini Senga ndiye aliyetuonjea kila pipa hapa kiwandani Speyside, Uskoti. Tangu augue mafua makali msimu wa baridi, watu walinong'ona kwamba pua yake imekufa.

"Nusa, utuambie ipi ni yangu," mkurugenzi alisema. "Ukishindwa, tia saini."

Alinusa zote.

"Sisikii kitu, bosi. Hata hayo marashi yako siyasikii, na namshukuru Mungu."

Tukacheka. Mkurugenzi akamsogezea kalamu.

Senga hakuishika. Alidondosha wiski ya kwanza kiganjani, akasugua mikono mpaka ikakauka. Ya pili vivyo hivyo. Kwa ya tatu, viganja viligandana.

"Yako hii. Utamu wa pipa la mwaloni haunati, mwanangu. Kinachonata ni sukari."

Akakandamiza kiganja juu ya barua, akakiinua. Barua ikapanda nacho.

Akamnyooshea mkurugenzi mkono.

"Haya, bandua mwenyewe."